Mpokea Tiara

Pale ufuoni tiara haikuwa mchezo wa watoto. Ilikuwa kitambaa kikubwa kama paa la kibanda, ukingo wake umejazwa upepo kwa pampu, na kamba nne za mita ishirini na kitu zimeshuka hadi kwa mtu aliyejifunga mkanda kiunoni. Mtu huyo husimama juu ya ubao, na chini ya ubao kuna mguu mrefu wa chuma wenye vibawa viwili vidogo, ambao wenyewe wanauita foili. Ubao ukishika kasi foili huunyanyua, na bwana mzima mwenye kitambi na watoto watatu anapita juu ya maji bila kuyagusa. Ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani macho yako yana kasoro.

Lakini tiara ina udhia wake. Haipandi yenyewe wala haitui yenyewe. Lazima awepo mtu nchi kavu wa kuishika, kuiachia, na kuipokea inaporudi. Mtu huyo kwa miaka kumi na minne alikuwa mwanamke mmoja, sasa mwenye miaka hamsini na miwili, mfupi, mpana wa mabega, mwenye kofia ya ukili iliyofungwa kwa utepe chini ya kidevu. Kutwa nzima watu walimpigia kelele kutoka majini, "Mama, pokea! Mama, pokea!" hata likawa jina. Mama Pokea. Ukimwita kwa lile alilopewa na wazazi wake hageuki.

Kazi hiyo hakuitafuta. Alikuwa dobi kwenye nyumba ya wageni nyuma ya ufuo, anafua mashuka na kuyaanika kwenye kamba uani. Siku moja tiara ya Mwalimu, yule kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amefungua shule yake ya michezo ya majini, ilimponyoka na kuja mbio hadi uani kwake. Wanaume wawili walikuwa wanaikimbiza na kuipiga kumbo kama wanamkamata mwizi. Yeye aliweka beseni chini, akaenda nayo hatua mbili upande ule ule ilikokwenda, akaushika ukingo wake katikati, akaugeuzia mgongo upepo. Tiara ikatulia. Mwalimu alifika anahema, akauliza amejifunzia wapi.

"Mashuka," akajibu. "Shuka bichi ukilivuta nalo linakuvuta. Unalifuata kwanza, halafu unalishika."

Wiki iliyofuata alikuwa ameacha kufua.

Alikuwa na utaratibu wake, na ole wako ukiuingilia. Kabla ya kuachia tiara alipitisha macho kwenye kila kamba, kutoka kitambaani hadi kiunoni kwa mtu, huku akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Akishamaliza ndipo alipotazama kidole gumba cha mwenye tiara, na kikiinuka alifungua mikono. Hakurusha, alifungua tu. Kuna mwaka, mkuu mmoja wa idara, mtu aliyezoea kufunguliwa milango, alimwinulia kidole mara tatu na Mama Pokea akakataa kuachia. Bwana yule akamtukana mbele za watu. Mama akaenda polepole kumfuata, bado ameikumbatia tiara, akamwonyesha kamba ya pili na ya tatu zimepishana. Angeachia, tiara ingempeleka mkuu moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe. Mkuu hakuomba radhi, ila tangu siku hiyo hakupandisha tiara kama Mama Pokea hayupo.

Na kushuka nako kulikuwa na lugha yake. Mtu akitaka kutua hujipiga kichwani kwa kiganja mara mbili tatu. Mama Pokea alikuwa anaiona ishara hiyo hata akiwa anakunywa chai, hata akiwa amegeuka nusu anaongea na mtu. Kikombe kilibaki hewani, yeye keshakimbia.

Halafu yakaja mabawa.

Wa kwanza kuleta bawa ufuoni alikuwa muuza bima mmoja, mcheshi, mtu wa maneno mengi, waliyemwita Bwana Bima. Alilijaza upepo kwenye majani, likavimba, likawa kama bawa la ndege mkubwa lenye mishikio miwili. Halina kamba ndefu. Halina mkanda wa kiunoni. Unalishika kwa mikono yako mwenyewe, na kijikamba kifupi kinakufunga nalo ili lisikupotee. Ubao wake ni mnene, mpandaji anaanza amepiga magoti, na chini una foili ile ile.

Daktari wa meno, ambaye alikuwa amepanda tiara miaka kumi na miwili na kwa Mama Pokea alikuwa kama ndugu, alilitazama akaguna.

"Huo ni mwavuli," alisema. "Tena umechoka."

"Mwavuli ndiyo," akajibu Bwana Bima, "lakini nimekuja nao peke yangu, nitaingia nao peke yangu, na nitatoka nao peke yangu. Wewe daktari, bila mama huyu si uko hapa hapa mpaka jua lizame, umekumbatia tiara yako kama bwana harusi aliyekimbiwa?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Pokea naye alicheka, maana lilichekesha. Lakini lile neno la peke yangu lilimkaa.

Ubishi ukawa wa kila siku. Mwalimu akamgeukia mama siku moja, wote wakiwa wameketi kwenye mabenchi ya mbele ya stoo. "Mama, wewe umevishika vyote viwili. Sema wewe. Kipi kizuri?"

Akafikiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema ovyo. "Tiara inapanda juu kabisa kutafuta upepo. Huku chini hata majani hayatikisiki, yenyewe huko imeshaupata. Bawa liko hapa hapa chini na sisi, siku ya upepo mdogo mnabaki kupiga magoti kama mnaomba msamaha. Tiara inakuvuta kiuno, bawa linakuvuta mikono. Nimewaona, wiki ya kwanza hata kikombe hamwezi kuinua. Kwa kasi, tiara. Kwa kuruka, tiara."

"Umesikia!" daktari akadakia.

"Ngoja, sijamaliza. Tiara ikikasirika inakuburuza na huna la kuiambia. Bawa likikasirika unaliachia tu, linalala juu ya maji kama mbwa aliyekaripiwa. Anayeanza, akianza na bawa, mama yake nyumbani analala usingizi."

"Kwa hiyo?" Mwalimu akauliza.

"Kwa hiyo mimi tiara ndiyo inanilisha. Unataka niseme nini?"

Wakacheka tena, lakini Mwalimu hakucheka sana. Alikuwa ameshakata shauri na hakuwa na moyo wa kulisema. Upande wa kushoto wa ufuo palikuwa panajengwa jengo la ghorofa, na ukuta wake ulikuwa unasogea kila mwezi. Tiara inataka uwanja. Kamba za mita ishirini huwezi kuzitandaza kwenye uchochoro. Na upande wa kulia walikuwa wameshasimamisha nguzo za umeme. Wanafunzi wapya wakiziona zile nyaya na ile tiara, walikuwa wanarudi garini.

Mwisho akasema, asubuhi ya Jumatatu, macho yake kwenye mchanga. Mwezi ukiisha, shule inaacha tiara. Wote wanahamia kwenye mabawa. Hakusema Mama Pokea atafanya nini, na yeye hakuuliza. Alichukua pampu akaenda kujaza tiara ya daktari. Lakini alijua, kama tunavyojua mimi na wewe, kwamba bawa halihitaji mtu wa kulipokea, na kwamba unga wake ulikuwa unakaribia kumwagika.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, katika vyumba viwili vilivyojaa vitambaa. Jioni ile alimweleza.

"Sasa si watakupa kazi nyingine, dada?" mdogo wake akasema, pini ziko mdomoni.

"Kazi nyingine zipo. Mimi nasema ile."

"Ile ya kusimama na kungoja watu?"

"Hao watu hawaendi popote bila mimi," akasema. "Uliwahi kuwa na kazi ambayo mtu hatoki mpaka wewe umesema ndiyo?"

Mdogo wake akatoa pini mdomoni, akaziweka mezani. Hakuwahi.

Basi mwezi ule Mama Pokea akafanya jambo ambalo mtu yeyote aliyempenda angelionea huruma. Akaanza kupokea mabawa. Mtu anarudi na bawa lake, anajishukia mwenyewe kwenye maji ya magoti, na mama huyu hapa mbio, mikono mbele. Wengine walimwachia ashike kwa adabu tu. Wengine walitazama pembeni. Mwalimu alimwambia kwa upole, "Mama, hayo huna haja," naye akajibu, "Najua, najua," na kesho yake akakimbia tena.

Ikaja siku ya upepo mkali. Bwana Bima alikuwa anarudi kwa kasi, helmeti imelegea inamziba macho, akajipiga kichwani kwa kiganja kuirudisha. Mara mbili. Mama Pokea aliona kiganja na kichwa, na miguu yake ikaondoka kabla ya akili. Akaingia majini hadi mapajani, akaufuata ukingo wa bawa, akaukamata barabara, vizuri kabisa, kama alivyofanya mara elfu.

Kosa ni hili. Mwenye tiara yuko mita ishirini na zaidi kutoka kwa anayempokea. Mama Pokea alikuwa amezoea kushika kitambaa, na mtu, na ubao, na chuma vyote viko kule mbali. Kwa miaka kumi na minne foili haikuwahi kumkaribia. Bwana wa bawa yuko hapo hapo, nyuma tu ya kitambaa. Bawa lilipokamatwa, Bwana Bima akapinduka, ubao ukalala ubavu, na kibawa cha foili kikampitia mama mguuni chini ya goti.

Maji yakawa mekundu. Bwana Bima, yule wa maneno mengi, aliusukuma ubao pembeni. Alimbeba mgongoni hadi garini huku analia waziwazi, na mama ndiye aliyekuwa anambembeleza. "Nyamaza baba, nyamaza. Kosa langu. Ulikuwa unaweka helmeti." Zahanati walimshona nyuzi tisa.

Siku ya nne Mwalimu akaja nyumbani na mfuko wa machungwa. Mama Pokea alikuwa amekaa, mguu uko juu ya stuli, na mdogo wake amejifanya anashona ilhali cherehani hata haikuwa na uzi. Mwalimu akajulia hali. Akasifu mapazia. Akauliza tena hali.

"Mwalimu," Mama Pokea akasema, "machungwa nimeyaona. Sema ulichokuja kusema."

Mwalimu akauweka mfuko chini. "Mama, nataka uwe stoo. Kusuuza mabawa, kuanika nguo za maji, kuangalia vifaa. Kazi ya kivulini. Umri nao unakwenda, na baada ya hili lililotokea..." Akaangalia ule mguu. "Na wewe mwenyewe maji huyapendi. Miaka yote hii sijaona maji yakikupita hapa." Akajigusa kifua.

Mama Pokea akaushusha mguu kutoka kwenye stuli. Mdogo wake akaacha kujifanya anashona.

"Nani kakwambia siyapendi maji?"

"Si... hujawahi kuingia, mama."

"Ningeingia saa ngapi? Wewe uko majini, tiara yako iko juu, mimi nami niwe majini? Nani angekupokea?" Hakupandisha sauti, na ndiyo maana maneno yale yalichoma. "Miaka kumi na minne nimemwachia kila mtu. Nimemwachia daktari, nimemwachia mkewe, nimewaachia watoto wao. Nimewaachia watu waliokuja na ndege wakakaa siku mbili. Kila jioni mnatoka majini macho yanawaka, mnasimuliana. Hamna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, mama, na wewe je, ungependa? Hata mmoja, Mwalimu. Hata wewe."

Mwalimu alikuwa na umri wa miaka arobaini sasa, ndevu zina mvi, na pale kwenye kiti cha fundi cherehani aliona aibu ya mtoto mdogo. Alitaka kusema kitu kuhusu kazi, kuhusu shughuli zilivyokuwa nyingi. Kwa bahati nzuri hakukisema.

"Ungependa?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Swali hilo la machozi mimi silitaki sasa," akasema Mama Pokea, na mwenyewe machozi yanamshuka. "Stoo nitaichukua. Nitasuuza mabawa yenu. Lakini kila asubuhi kabla sijafungua mlango, saa moja nzima ni yangu, na bawa, na wewe unanifundisha. Kama hutaki, chukua machungwa yako."

"Dada!" mdogo wake akaruka. "Machungwa yaache."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliotoka msibani, na Mwalimu akakubali.

Siku ya mwisho ya tiara alikwenda na bandeji mguuni. Daktari wa meno alipanda wa mwisho. Alikuwa amepata ufuo mwingine, mbali, saa tatu kwa gari, na alisema bawa hatalishika hata akilazwa chini na kuwekewa kisu. Mama akapitisha macho: moja, mbili, tatu, nne. Kidole kikainuka, akafungua mikono. Daktari alikaa majini muda mrefu kuliko kawaida yake. Aliporudi akajipiga kichwani taratibu, tiara ikainama kuja upande wa mama, naye akaipokea. Daktari akaja akifuata kamba zake, akasimama mbele yake, na mama alikuwa bado hajaiachia.

"Huko uendako nani anakupokea?" akamuuliza.

"Kijana mmoja. Sijui hata kama anahesabu kamba."

"Mwambie ahesabu."

"Nitamwambia." Daktari akavua helmeti. "Mama, sikuwahi kufikiri kwamba unasimama. Nilikuwa naona tu kwamba upo."

Aliitoa hewa tiara yeye mwenyewe, akaikunja, na Mama Pokea akaketi benchini akamwacha aikunje.

Mafunzo yalianza kwenye majani, na hapo alimshangaza Mwalimu. Jambo linalowachukua wengine siku tatu, kulibeba bawa juu ya kichwa bila kupigana nalo, alilijua kabla ya chai kuchemka. Upepo ukihama, mikono yake ilikuwa imeshahama. Mwalimu akaenda kumpigia simu Bwana Bima kumsimulia, tena akatia chumvi.

Majini ikawa habari nyingine. Ubao haujali kwamba uliwahi kuanika mashuka. Alianguka mbele, akaanguka nyuma, akaanguka akiwa bado amepiga magoti, jambo ambalo Mwalimu alisema hajawahi kuliona. Alikunywa maji mengi. Wiki mbili mabega yake yalimuuma hata mdogo wake ikabidi amvalishe blauzi. "Uzee huu na michezo hii," mdogo mtu alikuwa anamwambia, huku akimshonea suruali ya maji pana ya kumtosha, maana zile za shule zote zilikuwa za watu wembamba.

Kwanza Mwalimu alisimama naye kwenye maji ya kiuno, anashika ubao. Baadaye alisimama ufuoni, mikono kiunoni, anapiga kelele za maelekezo. Wiki ya saba akawa anampa bawa na kwenda zake kufanya kazi nyingine, kwa kuwa ndivyo bawa lilivyo.

Asubuhi moja ya upepo mzuri, usio na pupa, aliinuka kutoka magotini. Mguu wa mbele, halafu wa nyuma, ule wenye kovu. Bawa likajaa mikononi mwake. Ubao ukashika mwendo, ukaanza kutetemeka, na kisha kitu kikamsukuma kutoka chini na kelele ya maji ikakatika. Alikuwa juu. Aliona kivuli chake mwenyewe kinakimbia pembeni, kifupi na kipana. Ilidumu kiasi cha kuhesabu hadi nne, na kweli alihesabu, halafu akaanguka kwa kishindo.

Aliibuka anatema maji, bawa limelala karibu yake, ubao unaelea. Akageuka haraka kuutazama ufuo, kutafuta ni nani ameona.

Kutoka huku ufuo ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Mabenchi, stoo, ukuta mpya wa ghorofa. Mwalimu alikuwa mlangoni amempa mgongo, ameinamia pampu, anajaza bawa la mtu mwingine. Na pale kwenye mchanga mtupu, katikati, ambapo kwa miaka kumi na minne kila aliyetazama kutoka majini alimkuta mtu amesimama na kofia ya ukili, hapakuwa na mtu. Ndiyo kwanza akapaona. Akakaa hivyo, kidevu majini, anapatazama, na akalia kidogo kwa ajili ya yule mama aliyekuwa anasimama pale.

Kisha akajivuta juu ya ubao, akapiga magoti, akalishika bawa, na akageuza pua ya ubao upande usio na ufuo.